Kila Mtu na Wali Wake

Katika uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga ya Muhidin, Viwanja Sitini mjini Ifakara, Aurelia alipika wali wa mchana katika sufuria ndogo kumi na moja. Siku nyingine zilikuwa tisa, siku nyingine kumi na tano, kutegemea idadi ya wakulima waliokuwa wakisubiri. Juni hiyo walikuwa kumi na mmoja.

Walitoka Mofu, Mngeta na vijiji vingine vya bondeni. Walileta mpunga kwa matela ya trekta na Fuso za kukodi, lakini hawakuuza siku walipofika. Walipanga magunia ghalani, wakatandika mikeka barazani, wakasubiri bei ipande. Wengine walisubiri siku tatu, wengine wiki tatu. Muhidin hakuwatoza chochote kwa kulala, ilimradi wakoboe kwake. Asubuhi kila mmoja alimpelekea Aurelia bakuli la mchele wake mwenyewe, na Aurelia alimpikia huohuo. Alichouza yeye kilikuwa mboga na mikono yake: perege wa kukaanga, maharage, matembele, na kazi ya kuangalia moto. Mkulima wa bonde lile, akiwa na mchele wake ghalani, hakubali kula wa mwenzake. Atakula ugali, atakula ndizi, lakini wali ni lazima uwe wa shamba lake.

Wanunuzi ndio waliokuwa wa kwanza kuona faida ya jambo hilo. Mnunuzi wa mchele huchota kiganjani, hunusa, hutafuna punje mbili tatu mbichi. Lakini mchele uliopita kwenye mashine nzuri unaweza kuwa mweupe na bado ukaficha mambo: mbegu mbili zilizochanganywa, mpunga wa mwaka juzi, mpunga ulionyeshewa. Ukipikwa, unasema wenyewe. Wanunuzi walianza kumwomba Aurelia awaonjeshe. Mwaka wa kwanza walikuwa wawili tu. Mwaka wa pili hakuna aliyepakia gari kabla ya kukaa kwenye benchi lake.

Aurelia hakusifu mchele wa mtu wala hakuuponda. Alifunua sufuria, akapakua, akataja jina la mwenye mchele, akaenda kugeuza samaki. Mkulima mmoja aliwahi kumletea kuku ili jina lake litajwe kwa sauti nzuri zaidi. Aurelia alimrudisha kuku huyo akiwa mzima. Juu ya kila mfuniko kulikuwa na alama ya mwenyewe, kitambaa au kizibo cha soda au ufunguo wa baiskeli, na sufuria zote zilikaa kwenye majiko ya makopo yaliyoshindiliwa pumba za mpunga, ambazo pale mashineni zilikuwa za bure kama mchanga.

Binti yake, Teddy, alirudi nyumbani mwezi wa Mei, amemaliza chuo mjini Morogoro. Alisomea ujasiriamali. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na aliamini kwa dhati kwamba watu wa bonde lile hawakukosa bidii, walikosa mpangilio. Shirika moja la mjini lilikuwa limemwita kwenye usaili wa nafasi ya kufundisha vikundi vya wanawake namna ya kuanzisha biashara. Aurelia alitaka kujua kama kazi hiyo ina mshahara. Teddy akasema ina mshahara mzuri, na bima.

"Kwa hiyo watakulipa mshahara ili ukawaambie wenzako wasitegemee mshahara," Aurelia alisema.

"Siyo hivyo, mama."

"Sijakataa. Nauliza tu."

Kila asubuhi Teddy alikaa mashineni akiandika kwenye daftari. Aliona kwamba mama yake hakuwa na saa ya kuanza wala ya kumaliza. Akienda kanisani, alirudi akijua nani kavuna. Akienda kumwona mgonjwa, alirudi na mbegu ya mnavu. Teddy alimuuliza kama amewahi kuandika lengo la biashara yake. Aurelia alisema lengo lake ni watu wasiondoke na njaa, kisha akauliza kama huko chuoni kulikuwa na mtu mwenye lengo jingine.

Kabla ya mashine, Aurelia alikuwa Kivukoni, akiwauzia chakula watu waliosubiri pantoni kuvuka mto Kilombero. Alikaa pale miaka kumi na tisa. Daraja lilipofunguliwa magari yakaacha kusimama, na wenzake wengi walililaani daraja hilo wiki nzima. Aurelia alilivuka kwa miguu siku ya kwanza, akarudi, akasema limejengwa vizuri. Kesho yake alianza kuzunguka mjini kuangalia ni wapi tena watu wanakaa wakisubiri kitu. Siku ya nne akafika kwa Muhidin. Alipoulizwa na Teddy, aliyekuwa bado sekondari wakati ule, kama hakuogopa, alisema aliogopa, ila kuogopa hakukumzuia kutembea.

Kilichomsumbua Teddy zaidi ni sufuria zile. Majiko kumi na moja, mifuniko kumi na moja, saa tatu za moshi kwa chakula ambacho sufuria moja kubwa ingekitoa kwa saa moja. Alimwonyesha mama yake muda unaopotea, ameuchora kwa kalamu mbili za rangi. Aurelia aliutazama mchoro kwa makini, akasema umechorwa vizuri, na kesho yake akapanga majiko kumi na moja. Hakueleza sababu. Katika miaka sita hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa hiyo hakuwa na maneno yake tayari. Na Teddy, ambaye ilipofika saa tano aliondoka kwenda mjini kuchapa na kutuma barua za maombi, hakuwahi kuwepo wanunuzi wakila.

Jumanne asubuhi zikaja habari kwamba wifi yake Aurelia amefariki huko Mofu. Aurelia alifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza, akamwachia Teddy ndoo ya samaki na maagizo matatu: chumvi ya perege isizidi, Mzee Severini hali pilipili, na kila mtu na sufuria yake. Teddy aliitikia yote matatu. Bodaboda ikamchukua mama yake.

Saa nne mabakuli yote yalikuwa yamefika. Teddy aliyatazama yalivyopangana, akaenda kwa jirani kuazima sufuria kubwa ya shughuli, akayamimina yote humo.

Hakufanya hivyo kwa uvivu. Alitaka mama yake akirudi akute kazi imekwisha mapema, majiko masafi, na ushahidi kwamba inawezekana apate saa mbili za kupumzika kila siku. Aliiona picha hiyo vizuri sana: mama yake amekaa kivulini, miguu ameinyoosha. Wali ukaiva kabla ya saa sita. Alipakua sahani kumi na moja nyuma ya banda, akazipeleka barazani mwenyewe.

Severini, mkulima wa Mngeta mwenye mchele ambao watu waliutambua kwa harufu kabla hawajauona, alitafuna polepole.

"Huu ni wa kwangu, mjukuu?"

"Wa kwako, babu."

Haukuwa uongo mtupu, kwa kuwa wa kwake ulikuwamo. Severini alisema labda ana mafua, akaendelea kula.

Saa saba Fuso ya Abdul ikaingia uwanjani. Abdul alikuwa mnunuzi. Babu zake walitoka Kilwa wakafungua duka Ifakara, na yeye sasa alipeleka mchele Dar es Salaam. Alikuwa akitarajiwa Alhamisi. Alikaa kwenye benchi, akaitikia shikamoo ya Teddy, akaomba aletewe wali wa Severini. Teddy alidhani ni namna ya kusema kwamba Severini ndiye anayemlipia. Akampakulia. Abdul akala vijiko vitatu vikavu, bila mboga, akafumba macho, akaandika kitu kwenye simu. Kisha akaomba wa Beno.

Beno alikuwa mzee wa Mofu. Mvua ya mwisho iliukuta mpunga wake umekatwa na kulazwa shambani, haujapigwa, ukakaa kwenye maji siku mbili. Aliuanika, akaukoboa, ukatoka mweupe wa kutosha. Lakini katika siku kumi na mbili alizokaa pale, kila mnunuzi aliyefunuliwa sufuria yake alikuwa ameirudishia mfuniko. Beno alijua sababu, na Aurelia alijua. Hata hivyo bakuli alilileta kila asubuhi.

Teddy hakujua habari za mpunga huo. Alimwona tu Beno amesimama kando ya nguzo akikitazama kijiko cha mtu mwingine, na hapo akaelewa kwamba Abdul hakuwa akila chakula cha mchana. Angeweza kusema wakati ule. Lakini wapakiaji wa Abdul walikuwa wamesimama nyuma yake wakisubiri sahani zao, Muhidin alikuwa amekuja kusalimia, na maelezo yenyewe yalikuwa marefu. Akachota kwenye sufuria ileile.

"Huu na wa Severini ni ndugu," Abdul alisema baada ya kijiko cha tatu. "Mashamba yao yamepakana?"

"Sijui, anko."

Beno angeweza kumwambia kwamba kati ya mashamba hayo mawili kuna safari ya nusu siku, lakini Beno hakufungua mdomo. Abdul akachukua magunia thelathini ya Severini na kumi na nane ya Beno, akasema vijana wake watapakia kesho asubuhi.

Alasiri hiyo Beno alifua shati lake. Alimpigia mkewe simu na kuongea naye muda mrefu kuliko kawaida yake. Aliwaambia wenzake kwamba pua ya Abdul imekwenda likizo, wakacheka wote, kisha akamnunulia Teddy soda kwa kuwa ndiye aliyepakua. Teddy aliishika chupa mpaka ikapata joto.

Aurelia alirudi Jumatano saa tatu asubuhi, amebeba furushi la kambale wakavu na habari za mwanamke mmoja wa Mofu aliyeanza kuuza barafu kwa wavuvi. Aliiona Fuso. Aliwaona vijana wakipandisha magunia. Kisha akaziona sufuria zake ndogo zimepangwa kavu, hazina masizi mapya.

"Jana mlikula nini?"

Teddy alimweleza yote akiwa amesimama, tangu sufuria ya kuazima mpaka soda. Aurelia aliuliza swali moja tu: Abdul alionja wa nani na nani. Alipojibiwa, akakaa juu ya gunia la pumba.

Jambo lilikuwa wazi kwa wote wawili. Gari likiondoka, mchele wa Beno ungefika Dar es Salaam, ungepikwa kwenye nyumba za watu, na Abdul angejua. Baada ya hapo hakuna mnunuzi ambaye angekaa tena kwenye benchi lile, na bila benchi Aurelia angebaki mwanamke anayekaanga samaki karibu na mashine, mmoja kati ya wengi. Akisema sasa, magunia ya Beno yangeshuka mbele ya macho ya watu, na pengine benchi lingekufa vilevile. Teddy alisema atakwenda yeye kumwambia Abdul, kwa kuwa kosa ni lake.

"Wewe hakujui," Aurelia alisema. "Anazijua sufuria zangu."

Hakumgombeza. Teddy angependa agombezwe.

Aurelia hakwenda kwa Abdul moja kwa moja. Alikwenda kwanza kwa Beno, aliyekuwa karibu na gari katika shati lake safi, akamvuta kando, akamweleza kilichotokea. Beno alisikiliza huku macho yake yakibaki kwenye magunia.

"Mama Teddy, kumi na mawili yameshapanda."

"Nimeyaona."

"Yamebaki sita."

"Kaka Beno, mchele wako unaujua."

"Naujua. Na wewe unaujua. Asiyeujua ni huyu mwenye Fuso tatu. Akiununua, atakufa?"

"Hatakufa."

"Basi."

Aurelia hakuondoka. Mpakiaji mmoja alipita kati yao na gunia begani, wakampisha.

"Ungekaa matangani siku moja zaidi," Beno alisema. "Moja tu. Marehemu hakustahili hata siku mbili?"

"Nimekuja kwako kwanza ili usisikie kwake."

"Umekuja kuniomba ruhusa?"

"Hapana."

Beno akainamisha kichwa, akarudi kwenye nguzo yake.

Abdul alipoelezwa alianza kwa kucheka. Alisema kumbe jana amekula uwanja mzima katika sahani mbili. Halafu kicheko kikaisha. Akauliza kama wakulima walipanga, na Aurelia akasema hawakujua kitu. Akauliza kama Beno alijua. Aurelia akasema Beno anaujua mchele wake kama mkulima yeyote anavyoujua wake, lakini hakupika na hakupakua. Abdul alilitazama gari, akawaamuru vijana wasimamishe kazi.

"Pika," alisema. "Zote, hapa mbele yangu. Na binti yako asiguse kijiko."

Alichoma magunia mwenyewe kwa bambo, lile bomba la chuma la kuchotea sampuli, akamkabidhi Aurelia mchele mkononi, mmoja baada ya mwingine. Aurelia akawasha majiko kumi na moja. Ilichukua saa tatu, kama ilivyochukua siku zote. Wapakiaji walilala juu ya shehena. Muhidin alikuja mara mbili kulalamika kwamba Fuso imeziba njia ya kuingilia, na mara ya pili akaona sura ya Abdul akarudi ofisini bila kumaliza sentensi. Wakulima walikaa barazani. Teddy alichota maji, kwa kuwa hakuna aliyemkataza kugusa maji.

Abdul alionja kumi. Wa Severini aliurudia. Kisha Aurelia akafunua ya kumi na moja, na harufu ya gunia bichi ilifika kabla ya kijiko. Abdul hakuonja. Aliirudishia mfuniko taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Magunia kumi na mawili ya Beno yakashuka, ya Severini yakabaki garini. Mpakiaji mmoja alisema anadai malipo ya kupandisha na ya kushusha, maneno ambayo siku nyingine yangewachekesha watu. Beno alisimama kwenye nguzo mpaka la mwisho lilipofika chini. Hakumtazama Aurelia wala hakumtazama Teddy.

Abdul alirudi kwenye benchi wakati gari linawashwa.

"Miaka sita napakia kwa sufuria zako, Mama Teddy. Nitajuaje kwamba ni jana tu?"

"Huwezi kujua."

"Na unataka nirudi?"

"Nataka urudi," Aurelia alisema. "Lakini hilo la jana tu huwezi kulijua. Mimi ndiye ninayelijua."

Abdul hakuahidi kitu. Alipanda gari, likatoka kwa kurudi nyuma, kwa kuwa kweli lilikuwa limeziba njia.

Alhamisi asubuhi yalikuja mabakuli matano. Severini, aliyekuwa bado na magunia mengine ghalani, alilileta la kwake, na wakulima wanne wengine. Waliobaki hawakuleta. Donati, jirani yake Beno huko Mofu, alikwenda barabarani kununua chapati, akaja kuzila mahali ambapo Aurelia angemwona vizuri. Alisema kwa sauti ya kawaida, bila kumwelekea mtu, kwamba mkulima hawezi kujua nani atashushiwa magunia leo. Aurelia aliwasha majiko matano. Teddy alitegemea atasikia chochote, lawama au mpango, lakini mama yake alizungumza habari za wale kambale wakavu, kwamba wakilowekwa na kutiwa karanga watu wa mashineni huenda wakawapenda, na kwamba yule mwanamke wa barafu ana akili sana.

"Mama, huogopi?"

"Naogopa. Nipe chumvi."

Mchana huo Teddy alimwendea Beno. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha kwa maneno mengi, akayasahau. Alimwomba bakuli la mchele. Beno alimuuliza kama anataka kuupika tena ili waliokosa jana waje kunusa. Teddy akasema hapana. Beno akafungua gunia, pengine kwa sababu alikuwa amechoka kukataa.

Teddy aliupeleka stendi kwa Agnella, mwanamke wa makamo aliyeuza vitumbua. Hakuuita mchele mzuri. Alieleza kwamba ulilowa shambani, kwamba ukipikwa wali unanuka, na akauliza kama kwenye vitumbua utafaa. Agnella alisema wauzaji huwa hawaanzi na ubaya, labda chuo kimebadilika. Akauloweka, akabadilisha maji mara tatu, na kesho yake alfajiri akausaga na kuutia nazi na iliki. Teddy alifika kumi na mbili asubuhi akakuta vitumbua sita vya kwanza. Agnella alikula kimoja, akampa Teddy kimoja, vinne akamuuzia kondakta wa basi aliyekuwa na haraka. Kondakta alirudi kuongeza viwili.

Agnella alichukua gunia moja, akamtajia wanawake wengine watatu. Bei haikuwa ya Abdul. Ilikuwa ya mchele ulioharibika kidogo ambao umepata kazi yake. Ijumaa hiyohiyo Teddy alikwenda kwenye usaili, akajibu maswali yao vizuri, akatoka kabla ya chai waliyoandaliwa, kwa sababu mama mmoja wa Kibaoni alikuwa amesema atakuwa nyumbani mpaka saa saba tu. Alipofika Kibaoni alikuwa bado amevaa viatu vya usaili. Yule mama alichukua magunia mawili na kumuuliza kama ana nazi pia. Teddy hakuwa na nazi. Alisema atauliza.

Kufikia Jumapili Beno alikuwa amebakiza magunia saba. Alimweleza Teddy habari za mashamba, za mkewe, za mvua ilivyomkuta. Aurelia akipita, alinyamaza. Aurelia alimsalimia kila asubuhi, na hakuna asubuhi aliyoitikiwa.

Jumatatu akaja mnunuzi mwingine, mtu wa Mikumi. Alikuwa amesikia habari zote mjini, kwa kuwa Abdul alikuwa akizieleza dukani kwao kwa hasira kwa kila aliyeingia: kwamba nusura apakie mchele mbovu, na kwamba mama mpishi mwenyewe ndiye aliyesimamisha gari. Mtu wa Mikumi alikaa kwenye benchi, akaomba aonjeshwe uwanja wote. Aurelia akamwambia leo zipo tano tu. Aliuliza kuhusu waliobaki. Aurelia akasema wana mchele, lakini yeye hajaupika, kwa hiyo hawezi kuusemea. Mnunuzi akaonja tano, akachukua mizigo ya wakulima watatu, akaondoka bila kuingia ghalani.

Donati aliyaona hayo kutoka barazani. Alikula chapati zake.

Jumatano iliyofuata, wiki moja tangu magunia yashushwe, trekta iliingia na tela la mpunga. Mwenyewe aliitwa Limbu, Msukuma aliyelima upande wa Mngeta, na ilikuwa mara yake ya kwanza kwa Muhidin. Walipomaliza kupanga magunia, alikuja barazani, akawaamkia wazee, akauliza mahali pa kulala, choo kiko wapi, na watu hapa wanakula nini.

Donati ndiye aliyejibu. Alimwonyesha nguzo ya kufungia chandarua, akamwonyesha choo, kisha akaelekeza kidevu upande wa moshi.

"Kuna yule mama pale. Unampelekea mchele wako anakupikia. Ila uwe mwangalifu, ndugu yangu. Wiki iliyopita alimshushia mwenzetu magunia kwenye gari, yameshapanda."

"Yalikuwa mabaya?"

"Yalikuwa mabaya."

"Na ya kwako?"

"Ya kwangu hayana tatizo."

Limbu alimtazama akitegemea atasikia zaidi. Alipoona hakuna zaidi, akaenda mashineni kukoboa debe moja la sampuli. Alirudi na bakuli limejaa, akitembea polepole lisimwagike. Donati alimwacha apite hatua chache, halafu akamwita, akaingia ghalani, akatoka na bakuli lake.

"Peleka na hili," alisema. "Mwambie ni la Donati. Nimechoka chapati."